Huu Usiukate

Behewa lilikuja likivutwa kwa mnyororo,
halina kioo hata kimoja,
kunguru wametaga kwenye rafu ya mizigo.
Mwakio, msimamizi, alilizunguka mara mbili,
akaligonga ubavu kwa nyundo ndogo, akatega sikio,
akasema: mifupa mizima, ngozi ndiyo imekwisha.
Miezi mitatu. Kisha lirudi njiani.

Mimi nikapewa umeme.

Tsuma wa rangi alianza kabla yangu.
Alikwangua, na chini ya buluu ikatoka kijani,
chini ya kijani, maziwa,
chini ya maziwa, wekundu mzito kama tende,
na chini kabisa bati, na kwenye bati kutu
iliyoingia na chumvi ya Kilindini
polepole, kama mpangaji asiyelipa kodi.
"Nyamvula, njoo uone! Limevaa leso nne!"
Kila mkubwa alikuja na leso yake.

Jumatano nilifungua paneli ya tano, upande wa choo.
Nyaya za zamani huvikwa kitambaa, si plastiki;
ukizishika zinamomonyoka
kama mkate wa mofa wa juzi.
Nilizikata zote, nikazirundika, shaba tutaipima kwa kilo.
Ndipo nikaona maandishi. Penseli, kwenye ubao wa ndani,
mahali ambapo abiria hafiki:

*Huu usiukate. Mbaruku Sudi, fundi. 1958.*

Na kishale. Na waya mmoja,
wekundu wake umefifia, umekuwa rangi ya ufizi.

Haumo kwenye mchoro.
Niliupindua mchoro, nikauinua kwenye taa.
Una feni, una kengele ya dharura,
hauna Mbaruku.

Mwakio akasema kata, tuna ratiba.
Tsuma akasema acha, hujui mtu amezindika nini.
Nikasema nipeni mpaka saa ya chai.

Nikaufuata kwa vidole.
Ulipita chini ya sakafu, ukakwepa boriti,
ukapanda kwenye kona ya mwisho ya daraja la tatu,
kiti cha watu wawili kando ya mlango wa choo,
kiti anachopata aliyechelewa,
na juu yake, chini ya zile leso nne,
holda ya balbu moja.

Kona ile haikupangiwa taa.
Mtu aliiongeza. Aliiba, labda,
mita tisa za waya wa kampuni.

Sijui nani alikuwa akae pale.
Mama mwenye mtoto wa kunyonya, usiku, kuelekea Voi?
Yeye mwenyewe, ana barua anataka kuisoma?
Au hapakuwa na mtu: aliona kona ina giza
na mkono wa fundi hauna subira.
Nimeuliza ofisini. Daftari la wafanyakazi lipo,
ila mchwa walianzia mwisho, wakala kurudi nyuma,
walipofika herufi ya M wakashiba.

Waya wenyewe nimeukata.
Nisiseme uongo: ulikuwa umekufa,
ungetuunguza sote.
Nimepitisha mpya njia ile ile, kwepo kwa kwepo,
nikachora mstari kwenye mchoro kwa wino.
Mwakio akauona. "Mita tisa nitaziandika wapi?"
Nikamwambia, andika panya.
Akaandika panya.

Jumamosi tulilijaribu, Changamwe hadi Mazeras na kurudi.
Feni ya tatu iligoma.
Mlango mmoja unalia kama mbuzi, hatujui kwa nini.
Tsuma alikaa kwenye kile kiti njia nzima,
mchana kweupe, taa inawaka juu ya kichwa chake,
akisoma gazeti la wiki iliyopita.

Kabla ya kufunga paneli niliazima penseli ya seremala.
Chini ya mwandiko wake:
*Nimeukata, mzee. Nimeweka mwingine. Nyamvula.*

Skrubu sita zimeingia.
Ya saba sijaiona mpaka leo.